Ufa wa Ukuta wa Jikoni

Husimuliwa na waliotutangulia, na Mola ndiye mjuzi zaidi, kwamba alikuwapo mfumaji wa mazulia aitwaye Mundhir, mcha Mungu asiyejulikana nje ya kijiji chake. Mkewe, Bi Atika, alitokwa na donda la saratani kifuani. Mundhir akafunga kazi, akampandisha mkewe juu ya ngamia, wakaenda mwendo wa siku kumi na tisa hadi mji wenye nyumba ya matibabu.

Mji ule ulikuwa kama wa ndotoni. Maji yalipita chini ya sakafu ya vyumba, huyaoni ila wayasikia, na wagonjwa walipata usingizi kwa sauti yake. Siku zikapotelea humo. Mundhir akasahau hata ni mwezi gani, akabaki kujua nyakati za sala tu.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Tabibu, mzee mwenye haya, hakumfunua mke wa mtu. Aliketi nyuma ya pazia, na mume ndiye aliyeosha donda kila asubuhi na kusema alichokiona. Kwa maneno hayo tabibu alipima dawa, kali au nyepesi. Na ile kali, ndugu zangu, iliunguza hata Bi Atika akauma shuka.

Asubuhi moja Mundhir akaona donda linapanuka. Akaona pia macho ya mkewe yakimtazama mdomoni. Huruma ikamshinda, akasema, "Linafunga, tabibu. Alhamdulillahi." Tabibu akapunguza dawa. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Maskini, hata uongo aliupaka hamdu.

Kila adhuhuri Bi Atika alifumba macho, na mumewe akampeleka nyumbani kwa maneno. "Tumefika mlangoni. Vua viatu. Mkomamanga umezaa." Wakatembea chumba kwa chumba, polepole, naye akitabasamu kama aliyelala. Siku ya saba akauliza bila kufumbua macho:

"Bwana wangu, tumefika jikoni?"

"Tumefika."

"Ukuta ukoje?"

"Mweupe, umenyooka."

"Na ule ufa?"

Mundhir akavuta shuka, akamfunika mabega.

"Ule ninaochomeka mwiko wangu miaka ishirini," akasema Bi Atika. "Umenipeleka nyumba ya watu. Yangu ina ufa, na mbuzi aliyetafuna mtandio wangu wa harusi. Siku saba sasa huvitaji. Na siku saba unamwambia tabibu donda linafunga."

"Nilitaka upumzike, Atika."

"Donda ni langu, nalisikia linavyotembea. Nilingoja uniambie, nisiwe nalijua peke yangu. Umenileta mbali hivi, kisha ukaniacha njiani."

Mundhir akalia kilio cha mtu mzima. "Niliogopa. Nikisema linakua, mimi ndiye nitakayekuunguza."

"Basi niunguze," akasema, "ila unishike mkono."

Asubuhi Mundhir akasimama mbele ya pazia. "Tabibu, nimekudanganya siku saba. Donda lilikuwa vidole viwili, sasa ni vinne."

Maji yakasikika chini ya sakafu. Kisha tabibu akasema, "Siku saba ni nyingi, ewe mgeni wetu. Sijui kama tutazirudisha. Mshike mkono mkeo."

Dawa kali ikarudi. Bi Atika aliungua, na mumewe hakuuachia mkono wake. Adhuhuri walitembea nyumbani kama kawaida, ila sasa mbuzi alikuwapo, na paa lilivuja, na Bi Atika akicheka kwa maumivu.

Wapo wasemao alipona akazeeka. Wapo wasemao aliishi mavuno mawili tu. Wote wamekubaliana kwamba walirudi pamoja, na kwamba Bi Atika alipoingia alikwenda moja kwa moja jikoni, akapitisha kidole ukutani, akasema, "Huu hapa. Sasa nimefika."

Nasi tunaouguza tumezoea kumwombea mgonjwa subira, utadhani sisi hatuihitaji. Tujiombee subira ya kusema kweli tukiwa tumeketi karibu. Ewe unayemuuguza mwenzio, usimwache peke yake na jambo ambalo tayari analijua.