Gitaa la Marehemu Eligio

Kule Paso Ceiba, kijiji cha Mexico kando ya mto Papaloapan, marehemu mzee Eligio aliacha jarana, gitaa dogo la mti wa mwerezi lililong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Mjane wake, Bibi Ubalda, alitamka wazi kwamba gitaa hilo atampa mjukuu wake Nereida, iwapo tu ataweza kuwapigia wachezaji siku ya Candelaria, sikukuu ya kijiji ya mwezi wa Februari, wasikose hatua. La sivyo, gitaa litakwenda kwa mwanawe wa mjini, ambaye angelitundika ukutani kama pambo.

Nereida alilitaka gitaa lile kama mgonjwa anavyoutaka usingizi. Bibi alimwazima ajifunzie, na simu ikawa shule yake. Mwalimu wake wa video, kijana mchangamfu wa mji mkuu, alionyesha kila kidole kinapokaa. Binti akajifungia chumbani, akarudia somo lile lile mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Kila bibi alipomwita waende uwanjani, wanawake wanakofanyia mazoezi ya kucheza, alijibu kwamba bado hajaiva.

"Kitendawili," bibi alimwambia siku moja, amesimama mlangoni.

"Tega."

"Mwalimu wangu huongea kutwa, lakini nikikosea hanisikii."

"Bibi, hicho si kitendawili, hicho ni kijembe." Nereida akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Sikukuu ikafika. Alasiri ile, harufu ya tamale, vikate vya mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, ikitoka majikoni, wapigaji walilizunguka jukwaa la mbao. Wanawake wawili wakapanda, wakaanza kuzigonga mbao kwa visigino, maana huko miguu ndiyo ngoma, na gitaa huifuata. Nereida alijitia mbele kabisa, mahali pa wazoefu, macho kwenye vidole vyake. Alianza vizuri, kama maji mferejini. Mara mkono ukasimama wenyewe. Ni pale pale ambapo mwalimu wa video husimama kutoa maelezo! Maskini, alikuwa ameukariri wimbo pamoja na kimya chake. Wenzake wakaendelea, alipojaribu kuingia tena alikuwa nyuma yao, na mchezaji mmoja akapoteza hatua.

"Vipi, bando limekwisha?" akauliza binamu yake Crisanto, na kicheko kikazunguka uwanja.

Nereida alimwendea bibi, akamwekea gitaa mapajani. "Lipeleke mjini, Bibi. Nimeshindwa."

"Nitalipeleka, ila jua bado halijazama. Vaa viatu vyangu hivi vya visigino, upande jukwaani."

"Nikacheze? Mbele ya watu walionicheka?"

"Wameshacheka, mama. Umebaki na nini cha kuogopa?"

Akapanda. Hatua zake za kwanza zilikuwa za kuku aliyefungwa kamba mguuni. Jirani yao Zenaida, aliyecheza akimtazama, alipunguza mwendo akamngoja. Kidogo kidogo mbao zikaanza kumwitikia. Akagundua kwamba mwimbaji anapoimba, miguu hunong'ona. Anaponyamaza, mbao hunguruma. Jambo hilo hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na nyayo zake.

Aliposhuka alilichukua gitaa, safari hii akasimama nyuma ya wengine kama afanyavyo mgeni, macho kwenye miguu ya wachezaji. Kidole kiliteleza hapa na pale, wala hakukitazama. Wimbo ulirefuka kuliko video yoyote aliyowahi kuiona, kwa kuwa waimbaji walitoleana mashairi na wachezaji wakapokezana jukwaa, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza hatua. Crisanto alisogea kando akampisha mbele.

Wimbo ulikoma jua likiwa limekwisha kuzama. Nereida akarudi kwa bibi na kumnyooshea gitaa kwa mikono miwili, kama walivyokubaliana. Bibi hakulipokea.

"Mwanangu wa mjini nitampelekea tamale," alisema.

Ndiyo maana wahenga hawakutuambia tuchungulie dirishani, wala tukariri tukiwa tumejifungia. Walisema, uhondo wa ngoma, uingie ucheze.