Mshenga wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda ibadani na kugombania viti vya mbele, Kiboko alikuwa mzee wa kanisa. Tumbo lake lilikuwa kubwa, mdomo mkubwa zaidi, na ole wako ukutane naye mlangoni.

"Twiga, hiyo shingo inatuzibia madhabahu! Nyati, kiazi chako cha sadaka kimeoza!"

Akiulizwa mbona hivyo, anajibu: "Maandiko yameagiza tuseme kweli. Mimi natii!"

Siku moja mke wa Digidigi aliimba peke yake mbele ya waumini. Kiboko akapaza sauti: "Dada, kaa chini! Hata mbuzi anakushinda!"

Masikini mama wa watu, alilia, akaacha kwaya. Digidigi mumewe, mnyama wa kimo cha ndoo, akamfuta machozi. Alikuwa anawaza.

Basi Kiboko, aliyekuwa amefiwa na mke, akampenda Bi Nyamizi, kiboko wa bwawa la pili. Alimpenda mpaka akakonda, kama kiboko anaweza kukonda. Akatafuta mshenga wa kumpelekea posa. Twiga akakataa. Nyati akakataa kwa pembe. Akabaki Digidigi.

"Nitakwenda, mzee," alisema Digidigi. "Ila nikaseme nini huko?"

"Sema kweli!"

"Kweli yote?"

"Unaniuliza mimi, mzee wa kanisa?"

Sasa watoto, desturi ya huko ilikuwa hivi: mshenga akisema, mposaji hafungui kinywa mpaka wakwe wamruhusu. Akitoa neno moja tu, posa imekufa, arudi kwao na jembe lake la posa.

Wakafika. Shangazi yake Nyamizi akasema, "Haya mshenga, tueleze huyo mwenzako."

"Shikamoo, Mama. Bwana huyu anakoroma. Khrrooo! Samaki huhama."

"Mmmh!" Kiboko akaguna, mdomo kaufunga.

"Akipiga mwayo, nzi huanguka, pu! pu! pu! Na akienda haja, anatawanya uchafu kwa mkia, shwaa! Ukianika nguo karibu, umeumia."

"MMMMH!" Macho yakamtoka Kiboko, masikio yakamcheza.

"Nasema uongo, mzee?"

Kiboko akatikisa kichwa: hapana. Machozi yakamtiririka. Aliona aibu, na aliumia kwelikweli.

Shangazi akalisukuma jembe. "Chukueni mzigo wenu, mwende!"

"Ngoja, Mama, kweli haijaisha," alisema Digidigi. "Mwaka ule wa ukame, watoto wa swala walipokuwa wanakufa kwa kiu, huyu alichimba tope kwa tumbo lake mpaka maji yakatoka. Kisha akakaa pembeni, wakanywa wao kwanza. Mimi ningependa sana kumchukia, lakini hilo limenishinda kusahau."

Nyamizi akamtazama yule bwana mnene anayelia.

"Shangazi," akasema, "namtaka huyuhuyu. Nguo nitaanika mbali."

Vigelegele! Shangazi akaleta uji wa kumkaribisha mkwe. "Sasa fungua kinywa, mwanangu. Uji wangu vipi?"

Uji wenyewe ulikuwa umeungua, unanuka moshi mpaka nje. Wote wakabana pumzi. Kiboko akameza, akakohoa, akafikiri sana.

"Mama," akasema polepole, "uji ni wa moto, na umenipa bakuli kubwa kuliko wote. Asante."

Digidigi alicheka mpaka akaanguka chali.

Asubuhi Kiboko akaenda kumwomba radhi mke wa Digidigi. Alibisha hodi kwa upole wake wote, na mlango ukaanguka ndani, buuu!

Mungu aliyetuagiza kusema kweli, watoto, ndiye aliyetuagiza kupendana, wala hakutupa ruhusa ya kuchagua moja.