Ngiri, Ngedere na Gari la Maji

Paukwa.

— Pakawa.

Njia?

— Ya wote.

Hatamu?

— Ya mmoja.

Basi sogeeni, na mwenye mtoto amshike mtoto wake. Ngano ya leo si ya kuchekesha.

Hapo kale, zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaa kijiji kimoja juu ya mlima, ulikuja ukame. Chemchemi ya kwanza ikakauka. Ya pili ikakauka. Ya tatu ikabaki tope, na tope nalo likawa vumbi. Maji yakawa bondeni tu, mtoni, na njia ya kwenda mtoni ilikuwa na mteremko mkali na kona mbaya. Upande mmoja jabali, upande wa pili korongo.

Wazee hawakuweza kuteremka. Wagonjwa hawakuweza kupanda. Wanyama wakakaa, wakatengeneza gari la mbao lenye magurudumu mawili makubwa, wakapanga mitungi juu yake. Gari likavutwa na Nyati wawili, pacha, Kulwa na Doto.

Nyati wana nguvu, lakini macho yao hayaoni mbali. Siku ya kwanza tu waliwaambia wenzao, "Sisi ni miguu. Macho awe nayo yule atakayeshika hatamu. Akivuta, tutasimama. Asipovuta, tutakwenda."

Wa kwanza kushika hatamu alikuwa Ngiri.

Ngiri alikuwa hodari. Hakuna jiwe la njia ile asilolijua. Lakini Ngiri alipenda pombe ya mtama, na hakupanda gari kabla ya kumaliza kibuyu. Akishamaliza kibuyu, kifua kinamtanuka, mkia unasimama wima, naye anaimba:

Njia ni yangu, bonde ni langu,
mwoga ashuke atembee.

Safari ya kwanza aliteremka mbio, akagonga banda la Kanga. Kanga akalalamika. Ngiri akasema, "Banda lako ndilo lililokaa vibaya."

Safari ya pili aliteremka mbio, akagonga jabali, mitungi yote ikavunjika. Kijiji kikalala na kiu. Ngiri akasema, "Siku nyingine nitapita vizuri, njia ninaijua."

Safari ya tatu alimbeba Digidigi, baba yake Sikudhani, aliyekuwa anakwenda kusaidia kujaza mitungi. Kufika kwenye kona, Kulwa akauliza, "Ngiri, mbona hatupunguzi mwendo?"

"Nani amekwambia upunguze?" Ngiri akajibu. "Kaza mbio."

Gari likapinduka. Ngiri akarushwa kwenye majani, akainuka anajifuta vumbi. Digidigi akaangukiwa na gurudumu, miguu yake ya nyuma ikavunjika yote miwili.

Walimbeba kwa machela mpaka nyumbani. Mkewe, Mama Sikudhani, alimlaza kitandani, akamfunga miguu kwa vijiti na magome. Tangu siku hiyo Digidigi hakusimama tena. Usiku homa, mchana homa, kinywa kichungu, chakula hakipiti.

Bibi Tembo, aliyekuwa mkuu wa baraza, akamnyang'anya Ngiri hatamu mbele ya wote.

Sasa hatamu apewe nani? Wanyama wakatazamana. Hapo Ngedere akateremka kutoka mtini, taratibu, akakaa katikati yao.

Kijiji kizima kilijua kwamba Ngedere anavuta bangi. Alikuwa na kiko chake, na mahali pake nyuma ya jabali. Lakini hakuna aliyewahi kumwona anapepesuka. Hakupiga mtu, hakutukana mtu.

"Ndugu zangu," akasema Ngedere, "mimi pombe sionji. Nina jani langu, na jani langu halina kelele. Ngiri akinywa hukimbia. Mimi nikivuta hupunguza mwendo, kwa sababu najijua. Nijaribuni."

Wakamjaribu. Fisi, mwenye pua kali, akamnusa kinywa, hakukuta harufu ya pombe. Ngedere alikuwa ametafuna mchaichai. Wakamtembeza juu ya gogo, akatembea mpaka mwisho. Wakamsimamisha kwa mguu mmoja, akasimama kama ndege korongo mtoni. Naye alikuwa ametoka kuvuta asubuhi hiyo hiyo, akacheka kimoyomoyo.

Bado wengine walisita. Ndipo Mama Sikudhani akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Mpeni Ngedere," akasema. "Mimi mume wangu amelala ndani hawezi hata kujigeuza. Sitaki kusikia habari ya mbio tena. Afadhali Ngedere, yeye angalau anakwenda polepole."

Nani angebishana na mke wa majeruhi? Wakasema wote, "Afadhali Ngedere." Akapewa hatamu.

Safari ya kwanza Ngedere aliteremka polepole, polepole, anaimba kwa sauti ya chini:

Taratibu, taratibu,
mto wetu hauhami.

Waliondoka asubuhi, wakarudi jua linazama. Lakini mitungi ilirudi mizima. Wanyama wakanywa, wakasema, "Haraka haraka haina baraka. Tumempata."

Safari ya pili alivuta kiko chake nyuma ya jabali, akapanda, akaondoka. Gari likawa linakwenda upande huu, linarudi upande ule, kama nyoka aliyeshiba. Doto akasikia kokoto zinaporomoka korongoni.

"Ngedere, gurudumu limetoka njiani."

"Nimeona," akasema Ngedere. Ikapita kitambo ndipo akavuta hatamu. Kwa kuwa walikuwa wanakwenda taratibu, gurudumu likarudi, hakikuharibika kitu. Ngedere akacheka.

Jioni Doto alimweleza Bibi Tembo. Bibi Tembo akasema, "Lakini mmefika salama?"

"Tumefika."

"Basi ungemwona Ngiri angefanya nini pale." Na habari ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni safari ya tatu.

Siku hiyo Mama Sikudhani alipanda gari mwenyewe. Alitaka maji ya kumwogesha mume wake, maana homa ilikuwa imepanda. Mwanawe Sikudhani alikuwa ametangulia kwa miguu na watoto wenzake. Baba yake alikuwa amesema asubuhi, "Mwanangu, kinywa changu kichungu. Ningepata maji ya ukwaju ningeweza kula kidogo." Mkwaju mmoja ulikuwa karibu na kona, na kwa ukame ule ulikuwa unapukutisha matunda yake njiani.

Ngedere alikuwa ameshavuta. Mama Sikudhani aliona macho yake mazito, akamuuliza, "Shemeji, u mzima leo?"

"Mzima, shemeji. Ndiyo maana naenda taratibu."

Wakaondoka. Jua lilikuwa kali. Magurudumu yalilia, mitungi ilitikisika. Ngedere alikuwa anautazama mtungi mmoja jinsi unavyong'aa. Aliutazama sana. Aliona kama hajawahi kuona mtungi.

Wakafika mahali mteremko unapoanza kuwa mkali. Hapo ndipo hatamu hukazwa, maana uzito wa gari huwasukuma Nyati kwa nyuma. Ngedere alijua kwamba hatamu hukazwa hapo. Akawaza kwamba ataikaza. Akarudi kutazama mtungi.

Gari likaanza kuongeza mwendo. Si mbio za Ngiri. Mwendo wa gari zito kwenye mteremko, basi.

Mbele, kwenye kona, Sikudhani alikuwa ameinama katikati ya njia anaokota ukwaju. Wenzake waliona gari, wakasogea pembeni, wakamwita. Akageuka akaliona. Lakini alikuwa amelizoea gari la Ngedere. Alijua linakwenda polepole, na alijua litasimama. Akainama tena kuokota tunda jingine la baba yake.

Na Ngedere alimwona. Hilo ndilo la kusikitisha, ndugu zangu. Hakuwa amelala. Alimwona mtoto, akamtambua ni nani, akasema moyoni, "Yule ni Sikudhani. Nivute hatamu." Akaona nafasi ipo, tena kubwa. Akaona kama angeweza kumaliza wimbo mzima kabla ya kufika pale.

"Ngedere," akasema Mama Sikudhani. "Ngedere, mtoto. Vuta. Vuta!"

Nyati hawakuona kitu. Walisikia sauti ya mama, wakasubiri hatamu. Hatamu haikuvutwa.

Mkono wa Ngedere uliinuka, ukashika, ukavuta. Ulivuta kweli. Lakini ulivuta gurudumu lilipokuwa limeshapita.

Kulwa na Doto wakasimama. Mama Sikudhani alishuka, akamtoa mwanawe chini ya gari, akakaa naye mavumbini. Mikononi mwa mtoto kulikuwa na ukwaju.

Ngedere alibaki amekaa juu. Akasema, "Nilimwona. Nilidhani bado."

Kulwa akasema, "Hukuvuta hatamu."

"Nilivuta."

"Ulivuta baadaye," akasema Doto.

Siku ile maji hayakuchotwa. Walipanda mlima kwa miguu, na gari likawa jeneza. Digidigi alisikia kilio tangu mbali. Hakuweza kutoka kumpokea mwanawe. Walimletea mpaka kitandani, akamlaza kifuani mwake, akamshika hivyo mpaka walipokuja kumchukua kwenda kumzika.

Baada ya maziko Bibi Tembo akaita baraza. Ngiri alikuja, na Ngedere aliletwa.

Ngiri akawa wa kwanza kusema. "Mlininyang'anya hatamu. Mimi nilivunja miguu, sikuua mtu. Pombe hunitia ushujaa, lakini mkono wangu mwepesi."

Ngedere akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikukimbia. Kila mmoja ameona nakwenda taratibu. Ngiri angekuwa pale, angewaua watoto wote."

Basi wanyama wakagawanyika. Fisi na wenzake wakasema, "Afadhali Ngiri. Angalau yeye mkono wake hauchelewi." Kanga na wenzake wakasema, "Afadhali Ngedere. Mmesahau mabanda yetu?" Wakabishana: pombe na bangi, ipi ina nafuu? Wengine wakapima vibuyu, wengine wakapima viko. Kelele ikapanda mpaka ikafika nyumba ya msiba.

Mama Sikudhani akatoka. Alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye kwato zake. Wakampisha katikati.

"Nimesikia mnasema afadhali," akasema. "Neno hilo nililisema mimi. Nilisimama papa hapa nikasema afadhali Ngedere, nikapanda gari lake, nikamwona macho yake mazito, nikanyamaza. Mwanangu amekufa kwa neno hilo."



"Ngiri akinywa, huiona njia pana kuliko ilivyo. Ngedere akivuta, huuona muda mrefu kuliko ulivyo. Njia haikupanuka. Muda haukurefuka. Mmoja amenilazia mume, mwingine amenizikia mtoto. Sasa mnataka nichague tena?"

Akageuka, akarudi ndani kwa mumewe.

Bibi Tembo alisimama. Kisha akasema, "Tulimtembeza Ngedere juu ya gogo. Juu ya gogo hakukuwa na mtoto anayeokota ukwaju. Tulitafuta ulevi wa Ngiri ndani ya Ngedere, hatukuuona, tukaridhika. Kosa ni letu pia. Tangu leo, aliyekunywa hashiki hatamu, na aliyevuta hashiki hatamu. Hatutauliza ni kiasi gani."

Lakini neno zuri lilikuja limechelewa. Kulwa na Doto walivua nira, wakaiweka chini mbele ya baraza. Wakasema, "Hatutavuta tena gari la mtu yeyote. Migongo yetu imemsikia yule mtoto." Wakaingia msituni. Tangu siku hiyo Nyati hafungwi gari.

Bila gari, maji yalibebwa kichwani, kidogo kidogo. Wazee wengi hawakuuona mwisho wa ukame. Digidigi naye hakuuona. Mvua ziliponyesha, kijiji kilikuwa kimeshatawanyika.

Ngiri alikwenda kwa mjane, akapiga magoti mlangoni aombe msamaha. Mlango haukufunguliwa. Mpaka leo, mkimwona Ngiri anakula majani, mtamwona amepiga magoti.

Ngedere alirudi mtini. Hana utulivu tena. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anageuka nyuma, kila jani likitikisika anashtuka, kana kwamba kuna kitu anachotaka kukiona mapema.

Na Digidigi, mtazameni vizuri mkikutana naye. Ana alama nyeusi chini ya jicho. Ile ni njia ya machozi ya Mama Sikudhani. Digidigi wote wa ukoo wake waliokuja baadaye walizaliwa nayo.

Basi, wasikilizaji wangu, funzo ni hili. Mlevi wa pombe hudhani anaweza, naye hawezi. Mlevi wa bangi hujijua, hupunguza mwendo, akadhani kupunguza mwendo kunatosha. Na njia humletea jambo la ghafla ambalo halimsubiri. Anayechanganya vyote viwili, huyo hata mimi sina la kumwambia. Msishindanishe sumu mkatafuta iliyo tamu. Aliyelewa, kwa kibuyu au kwa kiko, akae chini, hatamu ishikwe na mwingine.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia. Machungu yake niachieni mimi, funzo lake libebeni mwende nalo nyumbani.