Mpini Uliopauka

Mtu akipata kipya, macho huwa mepesi kusahau. Ndiyo maana wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako, hata uchakae vipi, ni wako. Wa mpita njia utaondoka na mwenyewe. Haya yalimfika Mzee Jicho.

Aliitwa hivyo kwa kuwa ujanani hakukosa shabaha. Sasa jicho lenyewe lilikuwa limeingia ukungu, na leseni yake ya bastola haikufanywa upya. Jumamosi angeshindana kulenga shabaha klabuni kwa mara ya mwisho. Jumatatu angeisalimisha bastola yake polisi. Alitaka kuaga kwa heshima, basi.

"Na mpini huu, baba?" bintiye alimtania. "Umepauka kama kisigino kisichojua mafuta! Watu watasema hatukutunzi."

Mzee alicheka, ila maneno yalimchoma. Plastiki mbili zilizofunika mpini wa bastola, zilizokuwa nyeusi ti, zilikuwa zimepigwa jua hadi zikawa kama majivu. Akaenda dukani, akanunua mpya zinazong'aa, akazifunga. Zile kuukuu akazitupa kwenye debe la taka.

Ijumaa alikwenda kufanya mazoezi. Lahaula! Risasi zilikwenda kombo, moja baada ya nyingine. Mpini mpya ulikuwa mnene, tena ukimteleza kiganjani kama samaki mbichi. Wenzake walitazama chini kwa haya. Mzee alirudi nyumbani mnyonge, akaketi bila hata kuvua viatu.

"Afadhali nisiende," alisema. "Nitaumbuka mbele ya kadamnasi."

"Ziko wapi zile za zamani?" binti aliuliza.

"Nimezitupa, mwanangu."

Binti hakungoja. Alilipindua debe, akachakura maganda mpaka akazipata. Wakaziosha kwa sabuni na mswaki, wakazikausha. Kisha binti akazipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi zikapata uvuguvugu, naye mzee akazipaka mafuta kwa kitambaa, akisugua taratibu. Weupe ukaanza kukimbia, weusi ukarejea. Pembeni pakajitokeza alama ya gundi.

"Hapa ni kazi ya mama yako," mzee alisema, akiigusa alama ile. "Bastola iliniponyoka, hapa pakamegeka. Akaniambia, 'Wewe mwanamume, hata mpini umekuchoka!' Akapaunganisha mwenyewe. Na kila mwaka alizisugua hivi hivi, mpaka Mungu alipomchukua."

Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alimkumbuka mkewe akiwa ameketi kizingitini, kitambaa mkononi, akiimba kwa sauti mbaya isiyojali majirani. Kumbe nusura amtupe pamoja na maganda ya viazi.

Usiku ule akazifunga tena kwenye bastola. Jumamosi hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini risasi yake ya mwisho ilitoboa katikati kabisa, na klabu nzima ikasimama kumpigia makofi.

Jumatatu, kituoni, aliiweka bastola tupu mezani, akaomba bisibisi. Alizifungua zile plastiki kuukuu, akafunga zile mpya alizokuja nazo.

"Mzee, unatuachia nzuri, unachukua mbovu?" askari alishangaa.

"Nzuri ni zenu, afande," alijibu, akizitia zake mfukoni. "Hizi zina mkono wa mke wangu."

Askari akainuka, akamfungulia mlango. Hakika waliosema hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.