Pimbi, Kiboko na Moto Usio na Moshi

Hodi, wasikilizaji, hodi!

— Karibu, ingia na ngano yako!

Ikiwa chungu?

— Tutameza!

Ikiwa tamu?

— Tutaomba nyingine!

Haya, sogeeni. Na wewe uliye nyuma, acha kukoroma, hata sijaanza.

Hapo kale wanyama wote walipikia kuni, na kuni zina moshi, mnajua wenyewe. Asubuhi moshi, fuu! Mchana moshi, fuu! Jioni moshi, fuu! Miti ikazidi kupungua, vikohozi vikazidi kuongezeka. Kwenye miamba ya juu ya bwawa aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, pamoja na mama yake mzee. Mama huyo alikuwa ameupikia ukoo mzima tangu ujana wake. Macho yake mekundu, kifua chake kho-kho-kho, na kila alipokohoa Pimbi aliumia kana kwamba kifua ni chake yeye.

Sasa, pimbi wana desturi yao moja, na msicheke. Ukoo mzima huenda haja mahali pamoja. Wanyama wengine hujisaidia popote walipo. Kiboko ndiyo usiseme: husimama, huzungusha mkia, pwata-pwata-pwata, na aliye nyuma yake shauri yake. Lakini pimbi, shimo moja tu, kuanzia babu mpaka mjukuu.

Mvua ikanyesha, shimo la pimbi likajaa uji. Siku moja Pimbi akapita pale akasikia: bwab... bwab... bwab. Akainama. Mapovu! Mwingine angeziba pua akaenda zake. Pimbi akaziba pua akabaki.

"Nani anapumua humo ndani?" akajiuliza.

Akaleta mtungi mkubwa, akaufudikiza juu ya shimo, akaziba pembeni kwa udongo, akaacha mfereji mdogo wa kutilia samadi na maji, akachomeka mwanzi wa kuitoa ile pumzi. Akaleta kaa la moto kwenye ncha ya mwanzi. Haikuwaka. Akaziba upya, akajaribu tena. Haikuwaka. Akaongeza maji, akajaribu tena. Haikuwaka. Majirani wakapita wakicheka:

"Pimbi anapika mavi!"

"Yakiiva msije kuonja!" akawajibu, akaendelea.

Mwishowe akagundua kwamba pumzi ya kwanza ni upepo mtupu. Lazima uiachie ipite, ungoje inayofuata. Akaiachia, akangoja, akaleta kaa. Puu! Masharubu yote yakaungua. Lakini pale kwenye ncha ya mwanzi palikuwa na moto wa buluu, umesimama wima, bila moshi hata chembe.

Mama yake akapika. Hakukohoa. Akainama juu ya chungu, akacheka peke yake. "Mwanangu," akasema, "leo nimekiona ninachokipika."

Habari zikaenea. Twiga, mwenyekiti wa baraza la wanyama, akatangaza Siku ya Sifa. Mvumbuzi wa moto usio na moshi atavishwa shada mbele ya wote, moto utaitwa kwa jina lake, na yeye ndiye atakayeusimamia. Nani aliyesikia haya masikio yakamsimama?

— Kiboko!

Ndiye huyo. Akatoka bwawani, ti-ti-ti, mpaka kwenye shimo la pimbi.

"Wewe! Maji ya shimo hili yanatoka wapi?"

"Yanatiririka kutoka kwenye miamba, Mzee Kiboko."

"Yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Bwawani."

"Bwawa la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi! Bwawa langu, maji yangu, shimo langu, moto wangu. Nimeshamwambia Twiga kwamba nimeuvumbua, na nione atakayenibishia. Nawe nimekutaja, usinung'unike. Nimesema kuna kidude fulani kilinishikia mtungi. Na kuanzia Siku ya Sifa, atakayetaka kupika kwa moto wangu ataniletea mzigo wa majani kila asubuhi. Mama yako pia."

Pimbi akaenda nyuma ya mwamba akalia. Alilia kwa hasira, nami simlaumu. Ukiunguza masharubu yako kwa ajili ya kitu, halafu aje mtu aliyekuwa amelala majini akuambie ulimshikia mtungi, utalia.

Mama yake akamfuata. "Mwachie, mwanangu. Kinywa chake tu ni kikubwa kuliko nyumba yetu."

"Mama, mzigo wa majani utauweza wewe?"

Mama akatikisa kichwa.

"Basi utarudi kwenye moshi. Sitaki. Halafu mimi nataka jina langu litajwe. Nasema wazi, sioni haya. Nataka Twiga alitaje kwa sauti, kila mtu asikie."

Akafuta machozi, akakaa akafikiri. Alikuwa analijua shimo lake, kwamba lina tumbo dogo. Alikuwa anamjua na Kiboko, kwamba kitu kidogo hakimtoshi. Akafikiri, akatabasamu, akashuka bwawani.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kubishana?"

"Mimi? Na mwili huu? Nimekuja kukukabidhi shimo lako. Naomba tu mtungi mmoja wa uji wake, wa kumbukumbu."

Kiboko akacheka, hwa-hwa-hwa! "Chukua! Mwenzio nachukua sifa, wewe chukua mavi!"

"Ahsante, mzee. Sasa nikueleze malisho yake. Kibuyu kimoja cha samadi na kibuyu kimoja cha maji, asubuhi tu. Usizidishe." Pimbi akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Ukizidisha, moto utakuwa mku... yaani, nasema hivi, shimo litaugua."

"Ulitaka kusema mkubwa?"

"Nilitaka kusema litaugua."

"Ulisema mku!"

"Ulimi uliteleza tu, mzee. Kibuyu kimoja. Nakuomba sana, kimoja!" Akaondoka mbiombio na mtungi wake kichwani.

Kiboko akamwangalia anavyokwenda, akajiambia, "Kidude hiki kinanificha siri."

Asubuhi akasimama juu ya mfereji wa shimo, pwata-pwata-pwata. Mchana, pwata-pwata-pwata. Jioni, pwata-pwata-pwata. Na kweli, mwanzoni moto ulivuma, vuuu! Kiboko akajipigapiga kifua. "Si nilijua! Kidude kilitaka nibaki na kijimoto!" Akazidisha. Baada ya siku kadhaa mapovu yakaanza kulegea: bwab... bwa... bw... Harufu ikageuka, ikawa chachu kama maziwa yaliyosahauliwa. Kiboko akanusa, akasema, "Lina njaa." Akazidisha tena.

Siku ya Sifa ikafika. Wanyama wakajaa, ngoma zikapigwa, ndu-ndu-ndu. Twiga akasimama na shada la maua lililosukwa kwa kipimo cha shingo ya Kiboko, kazi ya ndege wengi, maana mnaijua shingo ile. Kiboko akaleta kaa kwenye mwanzi. Haikuwaka. Akajaribu tena. Haikuwaka. Akapuliza, akasukuma, akapiga mtungi teke. Haikuwaka, na harufu ikatoka, nyani wote wakapanda juu ya miti.

Kiboko akanguruma: "Pimbi ameliroga! Mkamateni!"

Wanyama wakaanza kunong'ona. Mama yake Pimbi akamshika mwanawe mkono. Twiga akauliza, "Pimbi, umelifanya nini shimo?"

"Sijaligusa tangu nilipolikabidhi. Nilimwambia Mzee Kiboko alilishe kibuyu kimoja asubuhi, na kwamba akizidisha litaugua."

"Kiboko, alikuambia hivyo?"

"Aliniambia!" Kiboko akapiga kelele. "Aliniambia kibuyu kimoja tu! Nikajua ananidanganya, nikatia vingi!"



Twiga akainamisha shingo mpaka uso wake ukakutana na uso wa Kiboko, na shingo ile ni ndefu, ilichukua muda.

"Mzee Kiboko, moto umeuvumbua wewe. Kwa nini basi ulihitaji kuelezwa jinsi ya kulilisha shimo?"

Kiboko akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena. Kinywa chote kile, na halikutoka neno. Fisi ndiye aliyeanza kucheka, na akianza yule nani atamzuia? Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Pimbi," akasema Twiga, "shimo limekufa?"

Pimbi akasogea, akanusa. "Halijafa, limevimbiwa. Kuna viumbe wadogo kuliko mimi wanaofanya kazi humo ndani, hata jicho haliwaoni. Chakula kimewazidi, uchachu umewashinda. Lisilishwe kitu. Tutie majivu kidogo kidogo, yatapunguza uchachu, kisha tungoje. Na tukiwa tunangoja, njooni mle."

Akawapeleka nyuma ya mwamba. Hapo palikuwa na shimo dogo ambalo ndugu zake walilichimba na mjomba wake akalibebea maji, naye akalianzisha kwa ule mtungi wa kumbukumbu, maana uji wa zamani huufundisha uji mpya kupumua. Mama yake akaweka kaa, puu! Moto wa buluu, umesimama wima. Wakala wote, na hakuna aliyefuta machozi ila Pimbi, naye hakuwa na moshi wa kusingizia.

Twiga akamvisha shada. Shada likapita kichwani, likapita mabegani, likaanguka chini, Pimbi akabaki amesimama katikati yake. Wanyama wakaguna kwa huruma. Pimbi akatazama ukubwa wake, akaita, "Mama, ingia! Mjomba, uliyebeba maji, ingia! Na nyinyi mliochimba, ingieni!" Ukoo mzima ukaingia ndani ya shada, na Twiga akalazimika kuwataja mmoja mmoja, kwa sauti, mpaka akakauka koo. Jina la kwanza alilolitaja ni la Pimbi, kama alivyotaka mwenyewe.

Kiboko naye akarudi majini. Mpaka leo ukienda bwawani utaona pua, macho na masikio tu. Anasikiliza kama bado tunamcheka.

Ngano yangu imelala hapo, asiyeshiba aiamshe.

— Na funzo lake?

Ah, mnataka na funzo? Haya. Funzo ni kuwaheshimu wakubwa. Mkubwa akisema kazi yako ni yake, usibishane naye, mpe. Mpe na maelekezo yake yote, yaliyo sahihi, usifiche hata moja. Halafu Siku ya Sifa wahi mapema, ukae mbele, upate kuona vizuri.