Fimbo ya Jumbe Sekibaha

Msikieni Bi Nyange, mganga wa mizizi, siku alipobanwa na Jumbe Sekibaha. Jumbe alikitamani kichaka alimochimba dawa zake, apate kupanda tumbaku. Basi akamwita barazani mbele ya watu.

"Bibi, unasema dawa yako huondoa maumivu. Leo tunaijaribu. Jipake, nami nikucharaze kwa mikono yangu. Ukilia, kichaka ni changu."

"Na ikifanya kazi?"

"Ni chako daima, wewe na wajukuu zako."

Bi Nyange aliipima kwa macho mikono ya Jumbe, minene kama michi. Akajipaka kidogo mgongoni, kisha akaitazama fimbo.

"Mkuu wangu, fimbo kavu hii itakatika upesi. Niruhusu niipake mafuta."

Jumbe alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Ipake sana!"

Akaipaka kwa jani, hasa pale pa kushikia. Jumbe akaikamata kwa mikono miwili.

"Subiri kidogo niwaage jamaa," akasema Bi Nyange. Akawaaga mmoja mmoja, akiulizia watoto, kuku na mashamba.

Hatimaye akainama. Jumbe akainua fimbo, ikamponyoka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Mikono yangu ina nini?"

Bi Nyange akaiinua fimbo kwa ncha, akamgonga vidoleni, ko! "Hapa unaumia, Mkuu wangu?"

"Hata kidogo!" akapiga kelele Jumbe. "Sihisi kitu!"

"Jamani, mmesikia?" akasema Bi Nyange. "Yale mafuta ndiyo dawa yenyewe. Mgongoni nilijipaka maji."