Mtindi wa Kondoo Tumboni mwa Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Kibuyu?

Kina mtindi!

Kautia nani?

Mnywaji aulize!

Hapo zamani za kale, kila mnyama alikuwa na kibuyu chake cha mtindi. Hakikuoshwa kikawa safi kabisa, chini liliachwa tone la jana ligandishe maziwa ya leo. Ndani ya tone hilo waliishi wadudu wadogo wasioonekana, na kila ukoo ulikuwa na wadudu wake, wakali au wapole.

Kifaru alikuwa na hasira za karibu mno. Akaikanyaga bustani ya Kobe. Akavunja mayai ya Kanga. Akamfokea bintiye, Kibibi, mpaka mtoto akahamia kwa jirani yao Pimbi. Kila mara Kifaru alisema, “Si mimi. Ni tumbo langu.” Lakini nyumba bila Kibibi ilimshinda, akawa analia peke yake.

Pimbi akamwonea huruma. Kifaru alipokwenda kugaagaa matopeni, Pimbi akakisuuza kile kibuyu, akatia tone la mtindi wa Kondoo. Kwa siri, jamani! Kwa siri!

Kifaru akanywa, akapoa. Akanywa tena, akacheka. Akanywa tena, Kibibi akarudi nyumbani, akamlalia ubavuni. Furaha ya Kifaru ilikuwa haisemeki.

Asubuhi moja Fisi akamkamata Kibibi mguu.

“Baba!”

Tumbo likamwambia Kifaru, “Lala, mzee. Ugomvi wa nini?” Akalala.

“Baba!”

“Lala.” Akafumba macho.

“Baba wee!”

“Lala!” likasema tumbo. Kifaru akasimama. Fisi alivyotimka, hata leo hajageuka nyuma!

Pimbi, aliyeyaona yote, akaungama kuwa alimtilia mtindi wa Kondoo. “Nisamehe, mzee mwenzangu. Nilikutakia mema.”

“Ungeniuliza,” akasema Kifaru. “Tumbo ni langu, si shamba la kijiji.”

Kibibi akauliza, “Baba, aliyenipenda ni wewe au ni mtindi wa Kondoo?”

Swali lile lilimchoma Kifaru. “Mwanangu, tumbo liliniambia lala, nami nikasimama. Aliyesimama ni baba yako.” Akaitazama miguu yake. “Kumbe hata aliyeikanyaga bustani ya Kobe ni mimi.”

Akachukua jembe, akaenda kumlimia Kobe. Akamwomba Kanga radhi. Kisha akabisha kwa Kondoo, Kibibi yuko kando yake. “Hodi, dada. Leo nimekuja mwenyewe. Naomba tone.”

Basi, wanangu, tumbo hushauri, mwenyewe huamua. Na ukitaka kumponya jirani, mwulize kwanza.

Ngano yangu imeishia hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni kibuyu changu!